Kompyuta Iliyojifanya Iko Illasit

Walionifuata tangu mwanzo wanajua nilivyofika Kitengela. Duka la kupiga chapa nililofanyia kazi kule Kware, Rongai, lilifungwa sisi tukiwa ndani, na mwenyewe hakurudi tena. Mwanamume niliyedhani ni mchumba wangu akaoa mwingine, na kadi za harusi yake nilizichapisha mimi.

Dada yangu Shirleen akanichukua. Mumewe Wakhungu, dreva wa shirika moja la kusaidia wafugaji, akaniombea kazi kwa bosi wake, Bwana Katee.

Kwa anayeanza leo, hayo yanatosha. Jina langu ni Namalwa. Nina stashahada ya kompyuta, na nina ugonjwa mmoja: siwezi kumkatalia mtu mzima anayetabasamu.

Bwana Katee alikuwa mtu mzima anayetabasamu.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabati. Kazi yetu ilikuwa kujua ni wapi ng'ombe wanakufa njaa, ili lori za nyasi kavu zipelekwe huko. Mtu alizunguka boma kwa boma na tableti, akiuliza na kujaza majibu kwenye app, na ramani kule ofisi kuu ya Kajiado ikabadilika rangi. Penye rangi nyekundu, nyasi zinakuja. Penye kijani, watu wasubiri.

Wiki ya kwanza nikiwa kazini, tableti zote zilikuwa zimekufa. Moja ilikanyagwa na punda, hiyo nilionyeshwa. Hizo nyingine sikuuliza.

"Hiyo app haiwezi kuingia kwa kompyuta?" Bwana Katee akaniuliza.

"Imetengenezewa simu, sir. Lakini kuna programu za kufanya kompyuta ijifanye simu."

"Kompyuta inaweza kujifanya?"

"Ndiyo, sir."

"Kumbe hata yenyewe iko na akili ya mwanasiasa. Nitafutie moja, msichana wangu."

Nilitafuta asubuhi nzima. Sipendi kujisifu, lakini ndiyo siku pekee katika mambo haya ninayowasimulia ambapo nilijiona nina kichwa kizuri.

Programu ya kwanza ilikuwa ile inayosifiwa na vijana wa michezo ya kompyuta. Ilikuwa kubwa kupita kiasi. Kompyuta yetu ilikuwa kuukuu, kumbukumbu yake ndogo. Nilipoiwasha, feni ililia kama posho mill inayosaga mahindi, kisha skrini ikaganda.

"Hiyo inataka kupaa," akasema Bwana Katee. "Izime kabla haijatoka na paa."

Ya pili iliwaka upesi, lakini ilijaa matangazo. Bwana Katee alipita nyuma yangu wakati msichana wa tangazo la kamari anatikisika na nguo ndogo hata leso ingefunika zaidi.

"Namalwa. Hiyo ndiyo app ya ng'ombe?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Ya tatu ilikuwa ndogo na haikuwa na majina makubwa mtandaoni. Ilibidi niizime kompyuta, niingie kwenye mipangilio yake ya ndani kabisa, niiruhusu. Kisha picha ya simu ikasimama katikati ya skrini, imetulia. App yetu ikafunguka ndani yake kama iliyofika nyumbani.

App ikataka namba ya simu ya kutumiwa msimbo wa kuthibitisha. Bwana Katee akapapasa mifuko.

"Yangu haina chaji. Weka yako."

Nikaweka yangu, na jina langu.

Hapo ndipo ikakataa. Ilisema siko katika eneo la kazi. Kompyuta ilikuwa Kitengela, na boma tulizopangiwa ziko Illasit, kule karibu na Loitokitok, safari ya nusu siku.

Pembeni mwa ile picha ya simu kulikuwa na safu ya vitufe vidogo. Bwana Katee akagusa kimoja kwa kalamu.

"Hiki ni cha nini?"

"Ni cha kuiambia simu iko wapi. Unachoma alama kwenye ramani, inaamini iko hapo."

Akaitazama ile ramani. Sijamwona tena akitazama kitu hivyo.

"Basi iambie iko Illasit."

"Lakini sir, mimi niko hapa."

"Si Lemein yuko Illasit? Yeye atauliza, atakupigia, wewe utaandika. Wewe ni mkono wake tu. Kuna ubaya mkono ukiwa Kitengela?"

Alitabasamu. Nikachoma alama Illasit.

Na mwanzoni haikuwa uongo. Lemein alikuwa mwalimu mstaafu aliyejitolea kufanya kazi na shirika. Alinipigia kutoka kila boma, nikisikia mbuzi na watoto nyuma yake, nami nikaandika.

"Hapa ng'ombe ni wangapi, mwalimu?"

"Weka kumi hivi. Ama ishirini. Wewe weka tu."

Nilidhani ana haraka. Chuoni nilifundishwa kuwa data safi haina "hivi". Kwa hiyo nilichukua katikati, nikaandika kumi na tano.

Baada ya muda simu za Lemein zikakoma.

"Ako na mgonjwa nyumbani," Bwana Katee akaniambia. "Wewe endelea."

"Nitaendelea na nini, sir?"

"Na akili. Majina ya wenye boma yamo kwa app tangu msimu uliopita, si ndiyo? Andika malisho ni ya wastani. Ramani itakuwa kijani. Kijani hakiulizwi maswali."

"Tungeenda na gari tukaone wenyewe."

"Gari iko gereji, Namalwa. Ama unataka nitembee na miguu mpaka Illasit, na hii goti?"

Akacheka, akanisogezea maandazi.

Niliandika. Nilihamisha ile alama kutoka boma hadi boma, na katikati nikasubiri kidogo, kama mtu anayetembea juani. Nilimpa huyu ng'ombe kumi na wanne, yule tisa, mwingine thelathini na mmoja. Nilihakikisha hazifanani. Ramani ya Illasit ikageuka kijani kama bustani.

Lemein alinipigia mchana mmoja nikiwa peke yangu ofisini.

"Namalwa, supa."

"Supa oleng, mwalimu," nikaitikia salamu yake ya Kimaasai. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa gani?"

Nilishika simu kwa mikono miwili.

"Bosi wako aliniambia kazi imeisha," akasema. "Mimi nauliza tu nyasi zimefika wapi. Huku asubuhi ng'ombe tunawainua na mikono. Mmoja anashika mkia, wengine wanashika chini ya tumbo. Ukishamsimamisha, anaweza kwenda. Jana ng'ombe wa Yeiyo Dinah alikataa kusimama. Tulimwinua, akaanguka. Tukamwinua tena. Huyo mama akasema, mwacheni apumzike."

"Yeiyo Dinah ni nani?"

"Mjane, jirani yangu. Boma lake ni lile la mwisho, kabla ya mto mkavu. Kwa hivyo nimwambie nini? Ziko njiani?"

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilifungua ile app nikamtafuta. Dinah, boma la mwisho. Malisho, wastani. Hali ya mifugo, nzuri. Ng'ombe ishirini na watatu.

Nilikuwa nimempa ng'ombe ishirini na watatu wenye afya, kisha nikamnyima nyasi.

Niliamua Jumatatu nitaenda Kajiado, ofisi kuu, nikaseme. Jumapili tulipotoka kanisani nilimweleza Shirleen tukiwa tunafua nje. Mtoto wake mchanga alikuwa amelala ndani.

Alinisikiliza akisugua shati la Wakhungu. Alisugua kola ile ile muda mrefu.

"Namalwa, hiyo gari unaambiwa iko wapi?"

"Gereji."

"Na shemeji yako kila asubuhi huwa anaenda kuendesha gereji?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza.

"Gari iko Amboseli," akasema. "Inabeba watalii. Katee ndiye anaipangia, Wakhungu anaendesha, wanagawana. Hii nyumba unalala ni hiyo gari. Hiyo sabuni umeshika ni hiyo gari."

Amboseli na Illasit hazitengani sana. Gari la kwenda kuwaona ng'ombe wanaokufa lilikuwa likipita karibu nao kila siku, limejaa watu wanaopiga picha ndovu.

"Da Shirleen, watu wanainua ng'ombe na mikono."

"Na mimi nainua nini?" Sauti yake ilipasuka. "Ukiongea, si Katee peke yake anaenda. Wakhungu anaenda. Unataka mimi nirudi kwetu Kimilili na mtoto mgongoni niambie mama nini? Kwamba ni wewe?"

Niliiweka sabuni chini.

"Nenda Kajiado kama unataka. Lakini toa nguo zako kwa nyumba yangu kwanza."

Kisha akainamia beseni akalia, na akaniomba msamaha, na mimi nikamwomba yeye msamaha, na hakuna aliyebadilisha neno lake. Jumatatu niliamka, nikavaa, nikaenda kazini kama kawaida.

Sikuhitaji kwenda Kajiado. Jumanne Kajiado ikaja kwangu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, suruali ya kazi, hereni ndogo za shanga. Alijitambulisha kuwa Soipan, mkaguzi. Bwana Katee alimvutia kiti, akakipangusa, akakipangusa tena.

"Namalwa ni nani hapa?"

"Ni mimi, madam."

"Data yako ni safi sana."

"Asante, madam."

"Ni safi mno." Aliisoma kwenye simu yake, taratibu. "Kumi na wanne. Tisa. Thelathini na mmoja. Ishirini na watatu. Hawa wote ndio walikuambia?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wao?"

Nilimtazama Bwana Katee. Alikuwa anatazama dari.

"Kwa mdomo, madam."

Soipan aliweka simu mezani.

"Baba yangu ni mfugaji. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, nimesoma mpaka nikachoka, na hadi leo sijui ako na ng'ombe wangapi. Siku ataniambia nitampeleka hospitali. Sisi ng'ombe hatuwahesabu. Jioni mtu anasimama kwa lango anawaangalia wakiingia. Asipoona yule wa pembe moja, anajua. Ukimuuliza namba ni kama unamwombea hasara. Atakuambia wako kiasi. Atakuambia kumi hivi. Wetu wanaojua kazi huandika makadirio." Akanitazama. "Sasa wewe umeenda boma baada ya boma, na wazee wote wakakuhesabia. Mpaka yule mmoja wa thelathini na mmoja."

Kwetu baba ana ng'ombe wawili. Wamefungwa kwa kamba kando ya njia, na kila apitaye anawaona. Nilikuwa sijui kuwa mtu anaweza kuulizwa idadi ya ng'ombe wake akaona ametukanwa.

"Siku hizi wameelimika, madam," akasema Bwana Katee.

"Elimu ya aina gani hiyo imefika Illasit ikakosa kufika kwa baba yangu?"

Bwana Katee akarudi kutazama dari.

"Sijasema ni uongo," akaendelea. "Lori zinaondoka Ijumaa, na Illasit imetoka kwenye mpango kwa sababu ya hii kijani. Kama ni kweli, sawa. Kama si kweli, nataka kujua kabla lori hazijatoka. Kesho naenda. Nataka niwasalimie hao wazee."

"Namalwa atakupeleka," Bwana Katee akasema haraka. "Boma zote anazijua. Na gari nzuri imetoka gereji jana tu."

Soipan aliposhuka kupokea simu, Bwana Katee alikuja akasimama kando ya kiti changu. Bado alikuwa anatabasamu.

"Ile programu, kijana wa duka la hapo chini ameshaitoa. Kompyuta ni kompyuta tena. Kilichobaki ni jina kwa app, na namba ya simu. Vyote ni vyako." Akanigusa bega. "Mimi hata kuwasha hii kitu sijui, kila mtu anajua. Kwa hivyo kesho usiogope. Wakhungu atasimamisha gari, wewe utasalimia watu kama unawajua. Sawa, msichana wangu?"

Nilisema sawa.

Asubuhi iliyofuata gari lilikuja limeoshwa, linang'aa. Soipan alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma ya kiti chake. Wakhungu hakunisalimia, na mimi sikumsalimia. Tukapitia Isinya, tukatokea barabara kuu ya Mombasa, tukapinda Emali.

Baada ya Emali nchi ikafunguka. Ilikuwa kahawia pande zote. Mzoga wa kwanza ulikuwa karibu na daraja, wa pili hatua chache mbele yake. Baada ya hapo niliacha kutazama dirishani, nikatazama magoti yangu.

"Hii ndiyo kijani?" Soipan akauliza.

"Bado tuko mbali na Illasit, madam," akasema Wakhungu. "Kule mlima unaleta manyunyu."

"Hmm. Mlipokuja mara ya mwisho mlipita hapa?"

"Hapa hapa, madam. Nilikuwa na Namalwa. Alikaa hapo hapo nyuma alipokaa leo." Macho yake yakanitafuta kwenye kioo. Hayakuwa ya ukali. Yalikuwa ya mtu anayezama. "Si ndiyo, shemeji?"

Soipan hakugeuka. Alingoja.

Nilimwona Shirleen ameinamia beseni. Kisha nikamwona mtu ambaye sijawahi kumwona, mama aliyesimama kando ya ng'ombe aliyelala, akiwaambia watu wamwache apumzike.

"Hapana," nikasema.

"Umesema?"

"Sijawahi kufika Illasit, madam. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kupita barabara hii."

Gari likapunguza mwendo. Wakhungu alilipeleka kando ya lami, taratibu, kama mtu anayeegesha gari la harusi. Akazima injini. Akachomoa funguo, akafungua mlango, akashuka bila neno. Tulimtazama akitembea kuingia kwenye vumbi, simu sikioni.

"Anaenda wapi?" Soipan akauliza.

"Sijui, madam."

Alifungua mkanda, akageuka mzima mzima kunitazama. Uso wake haukuwa na hasira. Ingekuwa afadhali ungekuwa na hasira.

"Leo ni Jumatano. Ijumaa lori zinatoka. Niambie yote, na uniambie sasa. Hizo namba zilitoka wapi?"

Nilifungua mdomo. Ndipo simu yangu ikaanza kutetema mapajani. Jina la Shirleen lilikuwa kwenye skrini.

"Ni nani?"

"Dada yangu. Bibi ya Wakhungu."

Soipan alitazama nje, mahali Wakhungu aliposimama. Simu ya Wakhungu ilikuwa imeshuka kutoka sikioni. Alikuwa anatutazama.

"Pokea," akasema. "Weka kwa spika. Nataka nisikie ni nini unaambiwa useme."

Kama ningekata, angejua ninaficha. Kama ningepokea, Shirleen angejimaliza mwenyewe kwa mdomo wake. Nilitaka kumwambia Soipan kuwa dada yangu hajafanya lolote, kwamba alifua nguo tu na kupika. Simu iliendelea kutetema. Nikagusa skrini.

"Da Shirleen, niko na mtu," nikasema upesi, ili apate kujua.

Nilisikia mtoto wake akilia, mbali kidogo, kisha karibu, kisha mtu akimbembeleza kwa mdomo, shh, shh.

"Namalwa, msichana wangu." Ilikuwa sauti ya Bwana Katee. "Nimepita hapa kwenu kusalimia. Dada yako yuko hapa, amekaa vizuri. Huyu mdogo nimempakata mimi. Wakhungu ananiambia gari imesimama. Kuna shida?"